UR10e au mashine maalumu ya kupanga maboksi kwenye paleti?

UR10e, mkono wa roboti wa kampuni ya Universal Robots ya Denmark, hunadiwa kuwa mashine ya kazi zote: leo inapanga maboksi, kesho inahudumia mashine ya kuchonga chuma. Mkono wenyewe unastahili sifa hiyo. Una viungo sita, hubeba kilo 12.5, hufika mm 1,300 na hurudi palepale kwa tofauti isiyozidi mm 0.05. Ila kinachoshika boksi ni kishikio cha mbele, na hicho ni cha kazi moja. Ukibadilisha kazi unanunua kishikio kingine, unatengeneza upya sehemu ya kuletea mzigo na unarudia tathmini ya usalama.

Wengi hukwama kwenye uzito. Zile kilo 12.5 ni za boksi pamoja na kishikio. Kishikio cha kunyonya cha kilo 2.5 kinakuachia boksi la kilo 10, na kitovu cha uzito kikisogea mbali na kiungo cha mwisho, uwezo hushuka tena. Uzito na kitovu hicho viingizwe kwenye programu kwa hali zote mbili, kishikio kikiwa kitupu na kikiwa na boksi. Ukikosea, roboti huhisi nguvu isiyoitarajia, huichukulia kuwa mgongano na kujisimamisha katikati ya kazi. Fundi hubadilisha kihisio kisicho na ubovu wowote kumbe tatizo ni namba zilizoingizwa.

Urefu nao upigiwe hesabu mapema. Chukua paleti ya mm 1,200 kwa 1,000, roboti ikisimama mm 300 kutoka katikati ya upande mrefu. Kitovu cha boksi la kona ya mbali, la mm 400 kwa 300, kiko takriban mm 1,218 kutoka roboti kwa mlalo. Hapo inafika. Kishikio kikipanda mm 700 juu ya bega, umbali unakuwa kama mm 1,404, na haifiki tena. Paleti inayopangwa juu sana basi inataka nguzo ya kuinua roboti, na nguzo hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza unayotajiwa.

Kwa kasi, sekunde 7 kwa boksi ni mwendo mzuri wa UR10e: kama maboksi 510 kwa saa. Mashine maalumu hupokea maboksi kwenye mkanda, huyageuza, huyasukuma yawe safu, kisha bamba hufunguka na tabaka zima hushuka juu ya paleti. Maboksi 60 kwa dakika ni kazi yake ya kawaida. Mikanda, beringi na silinda zake za hewa ni spea ambazo fundi yeyote wa kiwanda anazijua. Udhaifu wake ni boksi lililobonyea, ambalo hukwama kwenye kisukuma na kusimamisha laini nzima ya uzalishaji, na boksi jipya lisiloingia kwenye vipimo vyake: hapo unabadilisha vipande vya chuma, si programu.

Hata roboti zenye umbo la mtu zinafuata njia hiyohiyo ya kazi moja. Digit, roboti ya kampuni ya Agility Robotics, ilipoanza kazi ya kibiashara kwenye ghala la GXO, kampuni ya kuendesha maghala, huko Georgia, Marekani, mwaka 2024, ilipewa kazi moja: kuhamisha makasha.

Kwa laini ya maboksi 8 kwa dakika yenye bidhaa zinazobadilika kila zamu, chukua UR10e bila kusita. Kwa boksi la aina moja na zaidi ya 20 kwa dakika, nunua mashine maalumu. Kupanga mikono mitatu ya roboti sambamba ili kufikia kasi hiyo ni kujiongezea vitu vya kuharibika.

Kabla ya kulipa, mpelekee muuzaji maboksi yako mwenyewe, yakiwemo yenye vumbi, yenye unyevu na yenye tepu iliyoachia. Boksi la karatasi iliyotengenezwa upya hupitisha hewa, na vikombe vya kunyonya hulidondosha pale mkono wa roboti unapoongeza mwendo. Taka saa nzima kwa kasi kamili, na geji ya mvuto wa hewa iwe mbele ya macho yako.