Word 2010 kwa stesheneri za Mtwara: iwekwe kamili siku ya kwanza

Kwa barua, mihtasari ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na mitihani ya shule, Word 2010 bado inabeba kazi. Haichoshi kompyuta ya zamani wala haidai bando. Sehemu zake za ziada unaziweka hata ukiwa Newala bila intaneti. Inapokera ni pale fundi alipobofya Install Now akaondoka. Vipande vingine hubaki vikisubiri kuitwa, na siku vikiitwa, Word inaomba sidii.

Mara nyingi kisa ni folda ya MSOCache. Imejificha kwenye diski C, inakula mamia ya MB, na anayetafuta nafasi huifuta akidhani ni takataka. Kumbe ndiyo ghala Word inakochota vipande hivyo. Ikishafutwa, linakuja kosa namba 1706. Usiiondoe Office nzima, yaani kifurushi chenye Word ndani. Chomeka flashi yenye toleo lile lile, uielekeze kwenye faili inalolitaka: Professional Plus hutaka ProPlusWW.msi, Standard hutaka StandardWW.msi. Ukibadilisha hizo mbili inakataa, hata kama zote ni za 2010.

Kuongeza sehemu: Control Panel, Programs and Features, chagua Office, bofya Change, kisha Add or Remove Features. Alama ya diski yenye namba 1 maana yake itawekwa ikiitwa; alama ya X nyekundu, haipo kabisa. Bofya jina la juu kabisa, chagua Run all from My Computer. Funga Word kwanza, uingie kwa akaunti ya msimamizi. Kompyuta isiyo na UPS (betri ya akiba), subiri umeme utulie.

Walimu wa hesabu wajue jambo moja: Equation Editor 3.0, zana ya zamani ya kuandika fomula, iliondolewa na Microsoft Januari 2018 kwa sababu za usalama, kwa hiyo kwenye kompyuta iliyopata sasisho hilo msiitafute. Tumieni Equation iliyo chini ya Insert. Ikiwa imefifia, faili ni la .doc, lihifadhini kama .docx, itawaka.

Masasisho ya usalama ya Word 2010 yaliisha tarehe 13 Oktoba 2020. Kompyuta inayofungua viambatisho vya kila mteja tungeiwekea LibreOffice, programu mbadala wa Office ambayo ni bure. Wakati wa kuiweka chagua Custom, utafute kamusi ya Kiswahili kwenye orodha, la sivyo kila neno litapigiwa mstari mwekundu.