Mawese au alizeti kwa sufuria ya Bukavu?

Pale sokoni Kadutu mawese mekundu huuzwa kwa chupa, na ukiyatia kwenye sombe (majani ya muhogo), harufu inajaza nyumba nzima. Yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga kubwa ya macho ya watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli na kuumiza moyo.

Alizeti ya kawaida ina takriban 11% tu ya hayo. Ila imejaa mafuta yaitwayo omega-6; yale ya omega-3, yanayosaidia moyo, karibu haina kabisa.

Mwenye presha ningempa alizeti, kidogo, pamoja na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa kumletea omega-3. Mtoto, kijiko cha mawese kwenye lengalenga (mchicha). Tafadhali, mama, usiyachome mpaka yawe meupe: karotini inaungua.