Mama Kachori kwenye Instagram: nyota nne, ya tano nimeizuia

Jina langu la kitambulisho wanalijua watu watatu: mume wangu, karani wa NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, na nesi wa kliniki. Tanga hii, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, mimi ni Mama Kachori. Mtoto akitumwa kwangu kwa jina la kwenye cheti atazunguka mpaka Magharibi, arudi na hotpoti tupu.

Kwa hiyo nilipoanza kuuza mtandaoni sikujiuliza nijiiteje. Mtandao wa kwanza siutaji. Niliandika Mama Kachori, nikaweka picha ya karai, nikapata wafuasi mia na ushee. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, oda ndiyo kwanza zinaingia, nafungua simu nakuta nimefungiwa. Thibitisha jina lako, lete kitambulisho. Nikapeleka. Jibu: majina hayalingani. Sasa yatalingana vipi? Kwani NIDA walinipiga picha nikiwa na karai? Ramadhani ile wateja wangu walifuturu kachori za jirani, na za jirani, Mungu anisamehe, zina viazi vitupu, ndimu hakuna.

Mpwa wangu akaniambia wala sio kituko kipya. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, nao walianza hivyohivyo mwaka 2011, wakataka majina ya kweli tu, watu wakagomba, 2014 wakalegeza, na 2019 wakafunga duka kabisa. Ndiye aliyenihamishia Instagram.

Huku jina lina sehemu mbili, na ukizielewa hizo umemaliza kazi. Kuna lile la herufi ndogo lisilo na nafasi, ambalo haliwezi kuwa la watu wawili duniani. Hilo chagua fupi, linalotamkika, maana utalitaja kwenye simu mara mia huku mafuta yanachemka. La pili ndilo linalotokea kwa wino mzito juu ya maelezo yako, na hapo jiite utakavyo. Mimi nimeandika "Mama Kachori, katlesi Tanga", kwa sababu mtu akitafuta katlesi za Tanga, neno hilo ndilo linalomleta kwangu. Cheti cha kuzaliwa sikuulizwa. Angalieni tu, la wino mzito unaruhusiwa kulibadilisha mara mbili tu ndani ya siku 14. Nilianza na "Kacholi", kosa langu mwenyewe, nikasahihisha, kisha nikaongeza Tanga. Basi, hapo nikawa nimemaliza mgao wangu.

Ukipeleka mteja WhatsApp mambo bado ni mazuri: hata kama hajakusevu, pembeni ya namba linatokea jina ulilojipa, lina kialama cha wimbi mbele yake.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya pesa, ingawa kosa si la Instagram. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA tangu 2019 na 2020, kwa hiyo mteja akitaka kunitumia pesa, simu inamtajia jina langu la kitambulisho. Dada mmoja wa Dar aliagiza kachori 300 za shughuli ya mdogo wake. Tumeelewana bei, tumeelewana chatne ya ukwaju iwe kali. Dakika mbili baadaye:

"Samahani dada, mbona jina linalokuja ni la mtu mwingine? Wewe ndiye Mama Kachori, au ndio wale matapeli wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?"

Ningemjibu nini? Nikamwambia mwanangu anirekodi nimesimama kwenye karai, mwiko mkononi, nikataja jina la yule dada, siku na saa, kama mtu aliyetekwa. Akacheka, akatuma kianzio nusu. Wangapi wengine waliona jina geni wakaondoka bila kuuliza, siwezi kujua. Bi Kidude alikuwa Fatuma binti Baraka. Ukimtangaza Fatuma binti Baraka anaimba leo usiku, ukumbi utajaa?

Dawa niliyoipata ni lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu. Nimeiandikisha kwa jina la biashara, nikaibandika kwenye picha ya kwanza ya ukurasa na kwenye kibao cha barazani. Karatasi zenyewe zina jina langu la NIDA, hilo halikwepeki, lakini mteja halioni. Juzi mteja mpya kutoka Korogwe aliandika mstari mmoja tu: "Imeleta MAMA KACHORI, nimetuma." Sikujirekodi, sikuapa, nikaendelea kumenya viazi.

Ukurasa bado upo. Oda ni kuanzia kachori 30, na Ijumaa sipokei mpaka watu watoke msikitini.