Uzoefu wangu: mtutu wa bastola ya upepo uliohukumiwa kufa bila ya kujaribiwa

Mtutu wa bastola ya upepo ya mashindano haufi kwa wingi wa vidonge, yaani virisasi vyake vidogo, vilivyopita ndani yake, na fundi anayemwambia mteja kwamba umekufa, bila ya yeye mwenyewe kufyatua hata kidonge kimoja, hafai kukabidhiwa chombo cha mtu. Naanza na hukumu hiyo kwa sababu hukumu ya kinyume chake ndiyo iliyonivusha bahari kutoka Unguja hadi Dar es Salaam na kunirudisha nikiwa na bastola iliyo mbovu zaidi kuliko nilivyoipeleka.

Sitaeleza uzito wa bastola wala urefu wake, kwani hayo yanapatikana kwa anayeyataka. Ni bastola ya Kijerumani, ya kujazwa upepo kutoka kwenye mtungi, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika na ambayo kwa miaka yote niliyokuwa nayo haikuwahi kunivunja moyo. Kisha, baada ya masika moja, vidonge vilianza kutawanyika. Havikutawanyika ovyo. Kushoto na kulia vilibaki mahali pake, lakini juu na chini vilijipanga katika mstari uliosimama, kimoja juu ya duara la kumi, kinachofuata chini yake, na duara lenyewe la kumi, kwa umbali wa mita kumi, lina upana wa milimita 11.5 tu.

Mtu yeyote anayeijua kazi hii anapaswa kuusoma mstari kama huo mara moja. Kidonge kinachotoka kwa mwendo wa mita 150 kwa sekunde hushuka takriban sentimita 2.2 kabla ya kufika kwenye shabaha. Kikitoka kwa mita 130 kwa sekunde, hushuka karibu sentimita 2.9. Hizo milimita saba zinatosha kukisogeza kidonge hadi ukingoni mwa duara la kumi au nje yake kabisa, ijapokuwa mkono umetulia na jicho limeona sawasawa. Kwa hiyo vidonge vinapopanda na kushuka bila ya kwenda pembeni, cha kwanza kushukiwa ni upepo: kidhibiti presha kinachotoa kingi leo na kichache kesho, au mipira ya oringi iliyokauka ikawa inavujisha. Mtutu uliochakaa haungechagua kukosea juu na chini peke yake.

Haya yote niliyaeleza kwa utulivu pale karakanani. Nilikuwa nimetoka na boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, nikiwa na kibali changu mkononi na mtungi nimeshautoa upepo, na karatasi za shabaha nimezifunga pamoja ili fundi azione. Hakuzitazama. Aliichukua bastola, akaimulika ndani ya mtutu kwa tochi ya simu, akaniambia: "Mzee wangu, mtutu huu umekwisha. Umeupiga sana."

Nikamwuliza, "Mwanangu, umeujaribu kwa vidonge vingapi ukajua kwamba umekwisha?"

"Sihitaji kuujaribu. Si unaona mistari hiyo ya kijivu ndani? Hicho ni chuma kilicholika. Nunua mtutu mpya, tunaweza kukuagizia."

Bei aliyoitaja ni pensheni yangu ya miezi kadhaa. Nilipomwomba aifunge bastola kwenye jiliwa na kupiga vidonge kumi tu ili tuone vinaangukia wapi, alinijibu mbele ya wateja wengine kwamba kama mzee hataki kusikia, basi achukue chuma chake arudi nacho kwao. Nimefundisha darasani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijapata kumjibu hivyo hata mwanafunzi aliyenikosea.

Ile mistari ya kijivu ni risasi, yaani madini yenyewe, yaliyojipaka juu ya chuma. Kidonge cha mashindano kina uzito wa karibu nusu gramu na hutengenezwa kwa madini yale yale ya chubwi ya mshipi wa kuvulia, laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuyaachia alama. Madini laini namna hiyo, yakipita juu ya chuma cha pua kwa mwendo mdogo na bila ya moto, yanakula nini? Mitutu ya bunduki za baruti huchakaa kwa sababu nyingine kabisa: baruti ikiwaka, gesi yake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ni moto huo, pamoja na shinikizo lake kubwa, unaoila sehemu ya mwanzo ya mtutu karibu na chemba, risasi baada ya risasi. Bastola ya upepo haina baruti, haina moto, na upepo unaopanuka ghafla hupoa badala ya kupata joto. Ndiyo maana Feinwerkbau 65, bastola iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1960, bado inaonekana mikononi mwa wapigaji leo ikiwa na mtutu wake ule ule, ilhali mipira na springi zake zimeshabadilishwa tena na tena.

Kinachoweza kuuua mtutu wa namna hii ni vitu vichache, na vyote vinatoka nje ya upigaji. Kutu ni cha kwanza, hasa kwetu sisi tunaoishi na chumvi ya bahari hewani. Mchanga ulioshikamana na vidonge vilivyoanguka chini na kuokotwa ni cha pili. Vipo pia vile vidonge vya duara vya chuma, vya bunduki za kuchezea, ambavyo havipaswi kamwe kuingizwa kwenye mtutu uliochongwa mifereji. Cha mwisho, na kibaya kuliko vyote, ni fimbo ya chuma na brashi ya waya inayosukumwa kutokea mdomoni mwa mtutu, kwa sababu mdomo ndio mahali pa mwisho kidonge kinapogusa chuma, na ukiwa na jeraha upande mmoja, upepo hutangulia kutoka upande huo na kukisukuma kidonge pembeni kabla hakijaondoka vizuri. Mtutu husafishwa kwa vidonge vya sufu iliyoshindiliwa, vinavyopigwa kutokea nyuma kwenda mbele kama kidonge cha kawaida. Basi.

Na hapo ndipo hasira yangu inapokataa kutulia. Niliporudi nyumbani Mkunazini na kuitazama bastola kwa kioo cha kukuzia, nilikuta mikwaruzo mipya kwenye mdomo wa mtutu, inayong'aa, upande wa kulia. Ndani, ile mistari ya kijivu ilikuwa imekwanguliwa nusunusu. Wakati niliposubiri risiti ya ukaguzi, mtu alikuwa ameipitisha brashi ya waya. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na risiti haikutaja usafishaji wowote.

Nilikusudia kuandika kwamba karakana hiyo bado ina manufaa yake, kwamba wanauza vidonge vizuri vya vipimo mbalimbali, kuanzia milimita 4.49 hadi 4.52, na kwamba mpigaji anayejua anachokitaka anaweza kuingia, akanunua, akatoka salama. Nilipoishika tena bastola leo ili kuyaandika haya, nimeliondoa wazo hilo. Mahali ambapo chombo cha mteja kinajeruhiwa kwa siri, kisha mteja huyo huyo akauziwa dawa ya jeraha, sipapendekezi hata kwa kopo moja la vidonge.

Aliyenisaidia sikumtarajia. Upepo wangu huwa naujaza kwenye kituo kimoja cha wapiga mbizi huko Nungwi, kwa sababu kompresa zao zinatoa upepo mkavu uliochujwa, na mitungi yao hujazwa presha ya bar 200 kama ya bastola. Kijana anayetengeneza vidhibiti vya kupumulia vya wapiga mbizi alinisikia nikilalamika, akaniambia, "Mzee, hebu niione, hii kazi yake si ni moja na ya kwetu?" Ni kweli kabisa. Kidhibiti cha mpiga mbizi na cha bastola vyote vinashusha presha kubwa kuwa ndogo iliyo sawasawa, kwa springi, kiti cha vali na oringi. Mpwa wangu alipoleta seti ya mipira ya asili kutoka Ujerumani, kijana yule aliifungua bastola juu ya taulo jeupe, akapanga kila kipande kwa mpangilio wake, akanionyesha oringi iliyokakamaa mpaka ikapasuka ukingo, na akapaka grisi ya silikoni, akisisitiza kwamba mafuta ya kawaida ya gari hayapaswi kukutana na upepo wenye presha kubwa. Kisha tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Hakuna pumzi iliyotoka. Alinitoza kiasi kidogo mno, na aliniita mzee kwa heshima ambayo kule ng'ambo neno hilo halikuwa nayo.

Mstari wa juu na chini umetoweka. Umetoweka kabisa, kwa mtutu ule ule uliotangazwa kuwa maiti. Bastola hii, kwa hiyo, naisifu bila ya kusitasita, na ningeinunua tena.

Lakini siwezi kuiachia sifa hiyo ikae peke yake, kwa sababu sasa kimezuka kitu ambacho hakikuwapo: vidonge vinaelemea kidogo kushoto, na hata nikirekebisha shabaha kundi la vidonge halibani kama zamani. Umekuwa mtutu mzima wenye mdomo uliojeruhiwa. Dawa yake ipo: mkerezaji mwenye mashine iliyonyooka anaweza kukata milimita chache na kuuchonga mdomo upya. Sijampata hapa Unguja wa kumwamini kwa kazi hiyo, na ng'ambo ninakokujua sirudi.

Kwa anayetaka kununua bastola iliyotumika, asiulize kwanza imepigwa vidonge vingapi. Aangalie tarehe iliyochongwa kwenye mtungi, kwani watengenezaji wengi huupa miaka 10 tu, na mashindanoni ni jukumu la mpigaji kuhakikisha haujapitwa na muda. Aangalie mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Aulize bastola ilikaa wapi wakati wa masika, kwenye kasha lenye dawa ya kunyonya unyevu au kabatini ukutani mwa nyumba ya mawe. Kisha aombe kupiga vidonge kumi, na muuzaji akikataa, aondoke.

Karakana nimeiandikia barua, nikaambatanisha picha za mikwaruzo na karatasi za shabaha za kabla na za baada. Hadi sasa hawajanijibu, na fedha ya ukaguzi bado wanayo.