Daktari wa simu au daktari anayekujua?

Huduma ya daktari kwa simu inakuuzia muda: hupangi foleni wala hulipi nauli. Kwa upele, kwa majibu ya maabara yanayohitaji ufafanuzi, au kwa kuongezewa dawa uliyoizoea, tunaipa alama za juu. Picha ya upele ipige mchana karibu na dirisha, bila flashi, moja ya karibu na nyingine ya mbali ionyeshe uko sehemu gani ya mwili.

Inakwama kwenye homa. Penye malaria, homa haitibiwi kwa maelezo, hutobolewa kidole kwanza. Daktari anayekuandikia dawa ya mseto ya malaria bila kipimo amebahatisha tu. Mtoto anayekohoa naye huhesabiwa pumzi dakika nzima akiwa ametulia: kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, anapumua haraka mno. Mzazi anaweza kuhesabu na kumtajia daktari. Ila kifua kikibonyea ndani, au mtoto akigoma kunyonya, usimalize bando, nenda hospitali.

Daktari wako wa kituoni anawazidi wote kwa faili. Presha ya 150/95 ina uzito mwingine kwa anayejua mwezi jana ilikuwa 120/80. Wa simu hubadilika kila upigapo, na hapo ndipo madhara huingia: mmoja anakupa diclofenac ya maumivu, mwenzake anaongeza ibuprofen, nayo ya maumivu, nawe unatumia dawa za presha. Figo ndizo zinazolipa. Kwa hiyo kabla ya kupiga, andika majina ya dawa zako na miligramu, mzio, na vipimo vya presha vya siku tatu, kila kimoja ukiwa umekaa kimya dakika 5. Baada ya mazungumzo, dai muhtasari wa maandishi uupeleke kituoni.

Rwanda iliwahi kuziunganisha njia hizi mbili. Kwa Babyl, huduma ya daktari kwa simu ya huko, ulibonyeza *811# hata kwenye kitochi, muuguzi akakupigia, daktari akafuata, kisha SMS ikaleta namba ya kuchukulia dawa au kipimo. Kwetu huo ni mpango bora kuliko programu nyingi za simujanja. Ilifungwa 2023, kampuni mama yake, Babylon, ilipoanguka. Kabla ya kulipia mwaka mzima popote, jaribu kupakua kumbukumbu zako. Zikigoma kutoka, lipia kwa kila miadi tu.