Kubadilisha beringi ya gurudumu: gereji yenye nyundo na gereji yenye presi

Gari langu limebadilishiwa beringi ya mbele kulia, yaani kile kifaa cha ringi mbili na gololi kinachofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, na gereji mbili tofauti. Beringi zilikuwa za daraja moja, ila matokeo ni mbingu na ardhi. Ya kwanza iliingizwa kwa nyundo, na haikuchukua muda ikaanza kuvuma tena. Ya pili iliingizwa kwa presi, mashine inayosukuma kwa nguvu bila kugonga, na hadi leo nikizima redio nasikia upepo tu. Gereji zote mbili sizitaji, lakini hii ya pili nataka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu pesa nyingi niliyolipa ilikuwa ya kazi, si ya kifaa.

Kilichonifanya niwaamini mapema ni kwamba fundi hakushika spana. Alikaa kiti cha abiria akasema, "Bosi, twende tukaisikilize." Tulipofika kama kilomita 70 kwa saa akaniambia nitoe gia, gari liteleze. Mlio wa injini ukashuka, mvumo ukabaki palepale. Basi injini haihusiki. Kisha barabara ilipokuwa tupu akataka niyumbe taratibu kushoto na kulia. Nikielekea kushoto mvumo unakua, nikielekea kulia unafifia. Gari likikata kushoto uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, kwa hiyo mshukiwa akawa wa kulia. Akanionya kwamba kipimo hicho hudanganya mara nyingine, tusubiri jeki.

Kabla ya jeki akapitisha kiganja juu ya tairi zote nne. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma kama beringi kabisa, na watu wengi wameuziwa beringi wasizozihitaji kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami ya kokoto kuingia lami laini. Wa beringi haujali barabara, unafuata spidi tu.

Gari likawekwa kwenye stendi. Akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika springi ya shokomzoba. "Hebu weka mkono hapa, bosi." Nikaweka. Springi ilikuwa inatetemeka kwa mkwaruzo mwembamba, kama mchanga unaosagwa ndani ya chuma. Tukahamia upande wa kushoto, springi kimya. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Akamalizia kwa kutikisa gurudumu, mkono mmoja juu na mwingine chini. Lilikuwa linacheza kidogo. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena, mchezo ukaisha. Ungebaki, angeanza kutafuta boljointi, yaani kiungo kinachoruhusu gurudumu kukata kona. Gereji ya kwanza walifanya kipimo hiki cha kutikisa peke yake, nami nawaambia wasomaji kwamba beringi inaweza kulia vibaya sana bila kucheza hata kidogo. Gurudumu kutocheza si cheti cha uzima.

Sasa kazi yenyewe. Kuna magari ambayo beringi na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) ni kitu kimoja kinachofungwa kwa bolti: unafungua, unatoa, unafunga kipya. Langu si la aina hiyo. Beringi yake hushindiliwa ndani ya kile chuma kinachobeba habu, kalipa (kifaa kinachobana breki) na boljointi, kwa hiyo chuma chote kilibidi kishuke na kupelekwa kwenye presi. Habu iliposukumwa nje ilitoka na ringi ya ndani ya beringi imeing'ang'ania. Fundi aliikata kwa grainda akaacha chuma chembamba tu, kisha akaipasua kwa patasi ili grainda isiikwaruze habu. Hapo hakuharakisha hata kidogo.

Beringi ya zamani tuliifungua. Njia za gololi zilikuwa na vishimo, na umbali kati ya kimoja na kingine ulikuwa uleule wa gololi. Hiyo ni alama ya nyundo. Beringi inapoingizwa kwenye chuma chake inatakiwa isukumwe ringi ya nje, na habu inapoingizwa ndani ya beringi, ringi ya ndani ndiyo iegemezwe. Nguvu ikipita kwenye gololi, beringi inaumia siku hiyohiyo ya kufungwa, ila kelele zinakuja baadaye wakati fundi ameshasahau jina lako.

Halafu kuna jambo la taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Kwenye magari kama langu, upande mmoja wa beringi una sumaku ambayo sensa huisoma. Fundi alichukua kibanio cha karatasi akakigusisha pande zote mbili, na upande uliokivuta ndio aliouelekeza kwenye sensa. Gereji ya kwanza waliigeuza. Taa ikawaka, nikaambiwa sensa imekufa, ninunue nyingine. Sensa ileile ya zamani inafanya kazi hadi sasa.

Nati kubwa ya shafti aliweka mpya, akaikaza kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa kufuata namba ya kitabu cha gari, mimi nikiwa nimekanyaga breki. Mashine ya upepo aliitumia kufungulia tu.

Lawama zipo. Kazi ilikula siku nzima na hakuna aliyeniambia mapema kwamba itakuwa hivyo. Pia, bolti zinazoshika shokomzoba zilifunguliwa, na kwenye gari langu bolti hizo ndizo zinazoamua gurudumu lisimameje. Walitakiwa wanielekeze nikapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Hawakusema kitu, nikatoka pale usukani unavuta kulia, na nikalazimika kulipia kipimo mahali pengine.

Nawapa nyota nne. Kama gari lako ni la habu ya bolti, huna haja ya kuwatafuta watu wa aina hii. Fundi yeyote makini mwenye spana ya kipimo anaimaliza. Kama ni la kushindilia, omba uonyeshwe presi kabla gurudumu halijafunguliwa. Wakikuonyesha nyundo na kipande cha bomba, washa gari uondoke.