TAHADHARI: "Koseti za chuma" zinazouzwa kwenye magrupu ya Kigoma

Dada zangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka Kasulu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya Wasapu na "koseti za chuma, kiuno nyigu ndani ya wiki 2", yaani vazi la kubana kiuno lenye vyuma ndani, shilingi 85,000, mzigo unatoka Dar kwa basi. Jina simtaji, maana na lenyewe analibadilisha kila akishtukiwa. Ila bidhaa yake naijua vizuri, kwa sababu mwisho wake ni kwenye cherehani yangu: wateja wananiletea niwaokoe.

Juzi nimefumua moja, mwenyewe alitaka kuivalia gauni la sendofu. Ndani hamna chuma hata kimoja. Ni vipande vya plastiki, laini kama mikanda ya kufungia maboksi, vyote vimejikunja palepale kiunoni, na kimoja kimetoboa satini kikamchuna dada wa watu chini ya titi. Satini yenyewe tabaka moja, imegandishwa kwenye sponji. Koseti ya kweli ina pamba nzito isiyovutika, ina utepe imara ulioshonewa ndani kuzunguka kiuno, na vyuma bapa viwili viwili kando ya matundu ya kamba mgongoni. Bila hivyo ukikaza kamba inavutika nguo, kiuno kiko vilevile.

Ukimbana anakutumia video ya sumaku ikinata. Iangalie vizuri: anaibandika mbele tu, kwenye vishikizo, na hivyo kweli ni chuma. Mwambie aipitishe ubavuni na mgongoni, mkiwa kwenye video kol. Hapo ndipo simu yake huisha chaji.

Tena hakuulizi vipimo. Anauliza una kilo ngapi, halafu "wewe ni L". Jamani, kilo na kiuno wapi na wapi! Anayeijua kazi anataka kiuno, chini ya kifua, nyonga na urefu wa kiwiliwili.

Na hizo wiki 2 ni uongo mtupu. Koseti inabana ukiwa umeivaa. Ukifungua kamba mwili unarudi ulivyokuwa, mafuta hayayeyuki. Linalonikera zaidi, anawauzia hata wazazi waliojifungua kwa upasuaji, mshono haujapona, anawaambia wakaze mpaka basi. Mama, muulize kwanza nesi wa kliniki. Na yeyote akiona pumzi inakata, ganzi mapajani au kiungulia kinapanda, alegeze hapohapo, shughuli iendelee bila kiuno.

Hela anaitaka yote kwa simu, kabla. Kisha inakuja picha ya risiti ya basi. Ukifika stendi mzigo hamna, au upo ndiyo hiyo plastiki. Ukilalamika anakublok.

Mlioshatuma, msifute chati wala meseji ya muamala. Pelekeni polisi, na namba yake iripotini 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Anayetaka kuona niliyoifumua apite kwangu, nimeiacha wazi mezani na sumaku iko pembeni.